Albamu ya hip hop isikilizwe nzima, kwa kuwa ni safari ya roho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo kurasa za burudani hulipita mbio na kurasa za dini hazilifikii kabisa. Habari za hip hop tunazozisoma magazetini, gazeti lenu likiwa mojawapo, ni za nani kagombana na nani, nani kanunua gari gani, na nani anaongoza kwa kusikilizwa juma hili. Ni nadra mno kukutana na makala iliyoishika albamu moja, ikaifuata tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ikamweleza msomaji kinachompata msikilizaji anayekubali kwenda nayo. Ninaloshikilia ni kwamba ziko albamu za hip hop zisizoeleweka kwa namna nyingine yoyote isipokuwa kama safari ya roho, kwa sababu ndivyo zilivyoundwa: mtu anaondoka alipo, anapita vituo, anashuka mahali ambapo hana pa kushika, anakutana na mgeni asiyemtambua, kisha anarudi kwa watu wake akiwa na neno la kuwaambia. Nitaieleza hoja hii hasa kwa To Pimp a Butterfly ya rapa Mmarekani Kendrick Lamar, iliyotoka Machi 2015, na nyingine nitazigusa pale zinapohitajika.

Safari ya aina hii si jambo nililolibuni mimi. Fariduddin Attar, mshairi Mwajemi wa karne ya 12, alitunga kisa cha ndege waliotoka kumtafuta mfalme wao, Simurgh, wakalazimika kuvuka mabonde saba: la kutafuta, la mapenzi, la maarifa, la kutohitaji chochote, la umoja, la mshangao, na la mwisho ambalo ni ufukara na kutoweka kwa nafsi. Waliofika ni ndege thelathini tu, na walipotazama wakaona kwamba huyo waliyemtafuta ni wao wenyewe. Karne nne baadaye mtawa Mhispania, Yohane wa Msalaba, ambaye watawa wenzake walimfunga Toledo kati ya 1577 na 1578, aliandika juu ya usiku wa giza ambao roho hupitia kabla ya kuungana na Mungu. Naye William James, mwanafalsafa Mmarekani, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1902, alitaja dalili nne za tukio la namna hii: halielezeki kwa maneno, linampa mtu maarifa na si hisia tupu, halidumu, na anayepatwa nalo hujiona ameshikwa na kitu kikubwa kuliko nia yake mwenyewe. Nimezitaja kazi hizo ili msomaji asidhani ninapoita albamu safari ya roho nimekosa neno la kuisifu nikachukua kubwa lililokuwa karibu. Nina maana ya mwendo unaojulikana, wenye hatua zinazojulikana, ambao watu wa imani mbalimbali wameueleza kwa karne nyingi.

Hip hop yenyewe ilikuwa tayari kubeba mwendo huo tangu umbo lake la kwanza. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, New York, Cindy Campbell aliandaa sherehe na kaka yake, DJ Kool Herc, akapiga muziki. Herc ndiye anayetajwa kuwa aliona wachezaji wakisubiri kwa hamu sehemu ile fupi ya wimbo ambapo waimbaji hunyamaza zikabaki ngoma, akaanza kuirefusha kwa santuri mbili zinazofanana, moja ikiishia pale inapoanza nyingine. Kilichokuwa cha sekunde chache kikawa cha dakika nzima, na tangu hapo muziki huu umesimama juu ya kipande kinachozunguka na kurudi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika dhikri, au kusali rozari hadi vidole vikaenda vyenyewe, anajua kurudia hufanya nini: neno linaporudi mara nyingi vya kutosha, akili huacha kulichambua na kuanza kukaa ndani yake. Sisemi kwamba Herc aliongoza ibada. Alikuwa anachezesha vijana. Nasema kwamba mghani aliyekuja baadaye na jambo zito la kusema alikuta mdundo unaoweza kumshika msikilizaji mahali pamoja mpaka jambo hilo limwingie.

Wala dini haikuingia hip hop kwa mlango wa nyuma. Huko Harlem, mwaka 1964, Clarence 13X alijitenga na Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu weusi wa Marekani, akaanzisha kundi lililokuja kujulikana kama Five-Percent Nation, lenye mafundisho ya kusoma maana ndani ya namba na herufi; na mafundisho hayo yamo katika mashairi ya Rakim tangu miaka ya 1980, na ya Wu-Tang Clan, ambao albamu yao ya kwanza ya Novemba 1993, Enter the Wu-Tang (36 Chambers), ilichukua jina lake kutoka filamu ya Hong Kong ya mwaka 1978 kuhusu mwanafunzi anayepita chumba baada ya chumba cha mafunzo katika hekalu la Shaolin. Hata jina tu la albamu ile linamwambia msikilizaji kwamba anaingia mahali pa kufundwa.

Sasa nirudi kwa Lamar. To Pimp a Butterfly ina nyimbo 16 na urefu wa karibu dakika 79. Inaanza kwa mkwaruzo wa santuri na kipande cha wimbo wa zamani wa Boris Gardiner wa Jamaika unaosema kwamba kila mtu mweusi ni nyota, kisha mara moja tunaingia katika majaribu: kijana anahesabu atakavyotumia fedha akipata mkataba wa kurekodi, na katika ubeti unaofuata ni serikali ya Marekani yenyewe inayozungumza, ikimshawishi akope, anunue, asifikiri. Mwishoni mwa wimbo wa 3, muziki ukiwa umenyamaza, Lamar anasoma mwanzo wa shairi. Anamwambia mtu fulani kwamba anamkumbuka alivyokuwa amegawanyika nafsini, akiutumia vibaya ushawishi wake. Shairi linakatwa hapo. Nyimbo kadhaa baadaye linarudi, linaanza upya, linasogea mbele kidogo, linakatwa tena. Kila likirudi limeongezeka, na kila lilipoishia ndipo wimbo unaofuata unapoanzia, kiasi kwamba albamu nzima inageuka kuwa tafsiri ya shairi moja ambalo hatujalisikia likamilike. Msikilizaji asiyejua anaweza kudhani ni kosa la kurudia maneno. Anayelifuata huanza kulisubiri, na kusubiri huko ndiko kunakomtoa katika kusikiliza nyimbo na kumtia katika safari.

Wimbo wa 6 ndio shimo lenyewe. Mwishoni mwa wimbo unaoutangulia shairi limefika pale mghani anaposema alijikuta akipiga kelele katika chumba cha hoteli, na ghafla tumo ndani ya chumba hicho. Saksafoni inaingia kwa ukali na haitulii, na sauti ya mtu inapayuka, mara baada ya mara, kwamba kukupenda wewe ni kazi ngumu. Huyo anayeambiwa ni yeye mwenyewe. Kisha mlango unabishwa hodi: mfanyakazi wa usafi, kwa Kihispania, anaomba afunguliwe, muda ni mchache, anataka kusafisha chumba. Hakuna anayefungua. Mdundo unabadilika na kulegea, inasikika chupa ikigonga glasi, na sauti iliyokuwa ikipayuka sasa inalia, pumzi ikikatika kati ya neno na neno, ikiendeleza mashtaka iliyoanza kujisomea kabla ya hodi: rafiki yako alikuwa mahututi hospitalini, nawe ukampigia simu ya video badala ya kwenda kumwona, mdogo wako wa kike alipata mimba akiwa bado binti mdogo, nawe unayejiita mwenye kusikilizwa na umma hukuwapo.

Nimekaa mara nyingi kwenye hodi ile. Mtunzi angeweza kuiacha, na wimbo usingepungua kitu kwa masikio ya mtu mwenye haraka. Lakini fikirini, aliyekuja kusafisha amefika mlangoni, na mwenye chumba hana nguvu ya kumfungulia. Wacha Mungu wa kale waliposema kwamba katika giza lile roho haiwezi kujisaidia na wala haiwezi kuupokea msaada unaokuja, walisema jambo hilihili kwa kurasa nyingi. Hapa limesemwa kwa sauti ya ngumi juu ya mbao. Nayo imewekwa nyuma ya kilio, kwa umbali, kama kweli mtu yuko upande wa pili wa mlango, hivi kwamba anayesikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni hugeuka kutazama.

Wimbo wa 7 ndio unaojulikana na kila mtu. Kiitikio chake kinasema tutakuwa salama maadamu Mungu yuko nasi, na mwaka 2015 waandamanaji nchini Marekani walikiimba barabarani mbele ya polisi. Sina neno dhidi ya matumizi hayo. Ni heshima kubwa kwa wimbo wowote. Hata hivyo, anayeusikia wimbo huo peke yake anasikia ujasiri uliokamilika, ilhali aliyetoka naye katika chumba cha hoteli anasikia mtu anayejihimiza kwa jambo ambalo bado halijawa kweli kwake. Ushahidi uko kwenye wimbo unaofuata, ambamo anatokea Lucy, ambaye si mwingine ila Ibilisi aliyevaa jina la kike, akiongea kwa upole na kuahidi kumhamisha mama yake kutoka Compton, mji wa California alikokulia mghani, hadi kwenye jumba kubwa. Anayeijua Injili anakumbuka mara moja jangwa, siku arobaini, na ile ahadi ya 'haya yote nitakupa'. Faraja imekuja, na jaribu limekuja nyuma yake papo hapo, kwa mpangilio ambao walimu wa njia hii wamekuwa wakiuonya daima.

Kisha anarudi nyumbani. Katika wimbo wa 9 mghani anaorodhesha kila anachokijua, anajua hili, anajua lile, anajua watu na mitaa na hekima na fedha, orodha inakwenda kwa mbio hadi inapogonga ukuta: siku aliyorudi nyumbani ndipo alipotambua kwamba hajui kitu. Baada ya hapo anakutana na mtoto anayefanana naye sura, anayemweleza yeye ni nani. Lamar alikuwa amezuru Afrika Kusini mwaka 2014, akafika Kisiwa cha Robben alikofungwa Nelson Mandela, na ziara hiyo imeenea katika albamu yote. Nyumbani panapozungumzwa hapa ni Compton na ni Afrika kwa wakati mmoja. Huu ndio mshangao wa Attar, bonde la sita, ambapo msafiri akiulizwa kama yupo au hayupo hawezi kujibu.

Wimbo wa 11 ndio ninaotaka wasomaji wenu wa dini zote wausikie, hata kama hawatasikiliza kingine. Mtu mwenye gari la fahari amesimama kwenye kituo cha mafuta Afrika Kusini. Ombaomba anamwomba randi 10. Anamtazama, anajiambia huyu ni mtumiaji wa dawa za kulevya, anamnyima, anarudi ndani ya gari lake. Lakini yule mtu haondoki. Anamkazia macho kwa muda mrefu, mwishowe anamuuliza kama amewahi kufungua kitabu cha Kutoka, sura ya 14, ile ya Waisraeli waliokwama kati ya bahari na jeshi la Farao. Mwenye gari anakasirika zaidi. Anajitetea, anahesabu alivyohangaika kuzipata fedha zake, anamwona ombaomba ni mjeuri. Katika ubeti wa mwisho ombaomba anajitambulisha: mimi ni Mungu, na bei ya fedha hiyo uliyoinyima ni nafasi yako mbinguni. Baada ya hapo sauti ya mwimbaji mzee Ronald Isley inapanda taratibu ikiomba toba.

Mkristo ataisikia hapo Mathayo 25. Mwislamu ataisikia hadithi kudsi iliyomo katika Sahihi Muslim, ambamo Mwenyezi Mungu anamwambia mja wake siku ya kiyama kwamba nilikuomba chakula hukunilisha, na mja anauliza vipi, na anajibiwa kwamba fulani alikuomba ukamnyima. Mimi huisikia pia habari ya Nabii Musa na yule mja mwenye elimu katika Suratul Kahf, ambaye wafasiri humwita Khidhri: mwenye cheo na elimu ya dhahiri anakutana na mtu asiye na cheo, na kila mara anashindwa kusubiri. Ufundi wa Lamar ni kwamba hatusimulii akiwa amekwisha kujua. Anatuweka ndani ya hasira ya mwenye gari, tunahesabu naye fedha zake, tunamchoka ombaomba pamoja naye, na hukumu inapokuja inatukuta sisi tukiwa upande usiofaa. Rais Barack Obama aliutaja wimbo huu kuwa aliupenda kuliko nyingine zote za mwaka 2015, na sidhani alikuwa anauchagua kwa ajili ya kucheza.

Nyimbo mbili zinazofuata nitazipita, ila niseme kwamba wimbo wa 13, ulio mkali kuliko yote kwa habari ya rangi na dhuluma, unamalizika kwa mghani kujiita mnafiki: alilia Trayvon Martin, kijana mweusi wa Marekani, alipouawa mwaka 2012, ilhali ugomvi wa magenge ulimfanya yeye mwenyewe kumuua aliye mweusi kuliko yeye. Wapo waliomlaumu kwa mstari huo, wakisema anawatwika wanyonge mzigo wa wenye nguvu, na kama hoja ya siasa lawama yao ina uzito. Ndani ya safari hii, lakini, mstari huo ni muhasaba, nafsi inayojilaumu yenyewe kabla ya kunyanyua kidole, na pasipo muhasaba hakuna njia ya kufika wimbo wa 15.

Na katika wimbo huo wa 15 yule aliyekuwa akijipayukia chumbani sasa anasema anajipenda. Toleo lake la Septemba 2014, lililotoka kabla ya albamu, ni safi na la kufurahisha, na Februari 2015 lilipewa tuzo mbili za Grammy. Albamu haikulitumia. Badala yake tunasikia wimbo ukipigwa mbele ya watu, ugomvi unazuka katikati ya umati, na mghani anausimamisha muziki ili awatulize, akiwauliza ni wenzetu wangapi tumewapoteza mwaka huu peke yake. Kwangu huu ni uamuzi wa kisanii wenye ujasiri kuliko wote katika albamu hii: mtu ametoka gizani, ameona alichokiona, anarudi na furaha yake, na furaha hiyo inakatizwa na watu walewale aliorudi kwa ajili yao, naye anachagua kuwasikiliza kuliko kuumaliza wimbo wake.

Katika wimbo wa mwisho, wenye zaidi ya dakika 12, shairi linasomwa hatimaye lote. Kumbe lilikuwa linasomewa mtu. Ni rapa Tupac Shakur, aliyefariki Septemba 1996, na sauti yake imechukuliwa kutoka mahojiano aliyofanya na mwanahabari wa Sweden, Mats Nileskär, mwaka 1994. Wanazungumza kama mwanafunzi na murshidi wake juu ya umaarufu, hasira, na kile kitakachokuja. Kisha Lamar anamsomea kisa cha kiwavi na kipepeo, viumbe viwili ambavyo ni kimoja, anamuuliza anakionaje, na hajibiwi. Anamwita kwa jina. Anamwita tena. Albamu inaishia hapo. Ndege wa Attar walifika kwenye pazia wakamkuta waliyemtafuta ni wao. Huyu naye anabaki na sauti yake peke yake, na jibu lolote litakalokuja itabidi litoke kwake.

Napenda kuongeza, kwa sababu sijaona likisemwa, kwamba albamu ya Lauryn Hill ya Agosti 1998, The Miseducation of Lauryn Hill, inaanza kwa tendo lilelile: mwalimu anaita majina darasani, wanafunzi wanaitika, anaita jina la Lauryn Hill, na hakuna anayeitika. Darasa linaendelea kujadili mapenzi, nasi tunamfuata aliyekosekana, ambaye anajifunza somo hilo nje kwa maumivu, kwa uzazi na kwa maombi. Albamu moja inafunguliwa kwa jina lisiloitikiwa na nyingine inafungwa kwa jina lisiloitikiwa. Ile ya 1998 ilikuwa ya kwanza ya hip hop kupewa Grammy ya albamu bora ya mwaka, mwezi Februari 1999, na bado wengi waliozungumza nami kuihusu wanaijua kwa nyimbo mbili tatu.

Wapo watakaosema kwamba msikilizaji mwenye hamu ya roho ataiona roho popote. Jibu langu ni mpangilio. Albamu ya Lamar ya Aprili 2017, DAMN., ambayo mwaka 2018 ilipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki, ya kwanza kwenda nje ya muziki wa klasiki na jazi, ina nyimbo 14 zinazoanza kwa mghani kupigwa risasi na mwanamke kipofu ambaye yeye mghani alitaka kumsaidia. Wimbo wa mwisho unasimulia jinsi baba yake Lamar, akifanya kazi katika mgahawa wa kuku, alivyomkirimu bure kijana aliyekuwa na nia ya kuuibia mgahawa ule, na jinsi kijana huyo, miaka mingi baadaye, alivyokuwa mwenye kampuni iliyomrekodi mtoto wa mkirimu wake. Kisha mkanda unasikika ukirudishwa nyuma hadi maneno ya kwanza kabisa. Desemba 2017 likatoka toleo rasmi lenye nyimbo zilezile kwa mpangilio uliogeuzwa. Ukienda upande mmoja unaanza na kifo na kuishia kwa rehema. Ukienda upande wa pili rehema inatangulia na kifo ndicho kinachofunga. Mtunzi anayefanya hivyo anajua kabisa kwamba utaratibu wa nyimbo ni sehemu ya maana yake, na anatutaka tuuheshimu.

Hata muziki wenyewe unashuhudia nasaba. Waliopiga katika To Pimp a Butterfly ni pamoja na Kamasi Washington, Thundercat, Terrace Martin na Robert Glasper, watu waliolelewa na jazi, na nyuma yao amesimama John Coltrane, ambaye Desemba 1964 alirekodi A Love Supreme, kazi ya sehemu nne kutoka kukiri hadi zaburi. Katika sehemu ya mwisho saksafoni yake inafuata silabi za shairi la kumshukuru Mungu alilolichapisha kwenye jalada, bila yeye kulitamka. Hakuna anayemcheka mtu akisema kazi ile ni sala. Lamar alichukua shairi la namna hiyo akalitamka, akalikata vipande, akalisambaza katika dakika 79, na ghafla tunaambiwa ni kelele za vijana.

Suala la matusi silipuuzi. Albamu hii ina maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa, na mzazi asiyetaka mtoto wake mdogo ayasikie ana haki kabisa. Lakini Mtakatifu Augustino, aliyeandika Maungamo yake karibu na mwaka 400, hakuficha tamaa zake za ujanani wala wizi wake wa matunda, kwa sababu toba isiyotaja kosa si toba, ni adabu tu. Chumba kile cha hoteli kingesafishwa maneno yake kabla hatujaingia, hodi ile isingekuwa na maana. Na kwa wanaoona kufuru katika kulinganisha, nasema wazi kwamba siifanyi albamu kuwa kitabu kitakatifu wala rapa kuwa nabii. Lamar mwenyewe, katika wimbo wa mwisho, anawauliza mashabiki kama watabaki naye akianguka. Mtu wa njia humsikiliza msafiri mwenzake bila kumsujudia.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni la kikazi. Mwandishi wenu wa burudani apewe muda wa kuisikiliza albamu nzima, kwa mpangilio aliouweka mtunzi, maandishi ya mashairi yakiwa mbele yake, na apewe nafasi ya kutosha kuieleza kituo kwa kituo hata kama wiki hiyo hakuna ugomvi wa kuripoti. Huduma za muziki za mtandaoni zimetuzoesha kuchanganya nyimbo na kuruka tusizozielewa, na gazeti ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtu bado anaweza kushikwa mkono na kuongozwa kutoka mwanzo hadi mwisho wa kitu kigumu. Na kama mtaona inafaa, mkusanye sheikhe, padri na mghani wa hip hop wasikilize pamoja wimbo wa 11, ule wa ombaomba na randi 10, kila mmoja aandike alichokisikia, na mchapishe maandishi hayo matatu katika ukurasa mmoja.

Wasalaam,
Msomaji wenu